Nyota Mbele, Deni Nyuma: Pikapu za Kifahari za Mtumba na Mshahara wa Msomi

Gari la kifahari lililotumika si anasa iliyoshuka bei. Ni deni la matengenezo ambalo tajiri wa Birmingham, Perth au Johannesburg ameliahirisha hadi dhamana ya mtengenezaji ilipokwisha, kisha likapakiwa melini na kukabidhiwa mwenye mshahara wa Dodoma, Morogoro au Nairobi. Hiyo ndiyo hoja nitakayoitetea hapa, na nitaitetea kwa spana na kikokotoo, si kwa mahubiri ya kubana matumizi.

Nawaandikia kwanza watumishi wa umma na wahadhiri wenzangu. Kwa muda sasa nimeitazama aina mpya ya heshima ikiota mizizi miongoni mwetu: heshima ya pikapu ya milango minne, yenye viti vya ngozi, rimu pana na jina linalotamkwa kwa mbwembwe: Wildtrak, Amarok, X-Class. Msomi wa jana akipata mkopo alichimba msingi wa nyumba. Msomi wa leo huagiza pikapu yenye umri wa miaka saba, akaipiga picha bandarini, na kabla ya mwaka kwisha anamjua fundi wake kwa sauti kuliko anavyomjua mkuu wa idara yake.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa sayansi ya jamii anatafuta nini chini ya boneti? Natafuta siasa. Uhusiano wetu na uchumi wa dunia haumo katika hotuba za mikutano ya kilele peke yake. Umo pia katika mpira mdogo unaovujisha oili, katika kompyuta ya gari inayokataa kuzungumza na fundi wa Gerezani, na katika karatasi ya makato ya mshahara mwisho wa mwezi.

Jina na chuma

Tuanze na lile lenye jina kubwa kuliko yote. Mercedes-Benz waliizindua pikapu yao ya X-Class mjini Cape Town mwezi Julai 2017. Nchini Ujerumani bei yake ya kuanzia ilikuwa euro 37,294. Chini ya bodi ile, msingi wake ulikuwa Nissan Navara, na magari yote mawili yaliundwa katika kiwanda kimoja cha Nissan huko Barcelona. Matoleo ya X220d na X250d yalitumia injini ya lita 2.3 iliyotoka katika ushirika wa Renault na Nissan. Ni X350d pekee, lililofuata mwaka 2018, lililobeba injini ya Mercedes yenyewe, ya lita 3.0 na silinda sita. Soko halikuikubali. Uzalishaji ulisitishwa Mei 2020, hata miaka mitatu haijatimia.

Mnunuzi wa gari jipya aliyeipenda nyota alilipia nyota, na hilo lilikuwa shauri lake. Lakini mnunuzi wa mtumba anarithi mambo mawili kwa pamoja: bei za spea zenye nembo ya kifahari, na modeli iliyoishi muda mfupi mno kuweza kujenga soko pana la spea nje ya nembo hiyo. Taa ya mbele ikivunjwa na bodaboda, hakuna rundo la taa za X-Class Kariakoo. Fundi mwerevu atakwambia ulinganishe namba ya spea na ile ya Navara kabla ya kuagiza, na mara nyingine utaokoka. Si kila mara, kwa maana X-Class ilipanuliwa nafasi kati ya magurudumu na ikapewa breki za diski nyuma. Kwa hiyo umenunua Navara usiyoweza kuitengeneza yote kama Navara.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Sisi tumeona vinaelea tukasahau kuuliza vimeundwa na nani, kwa ajili ya mazingira gani, na nani atakayeviunda upya vikizama.

Ugonjwa unaojulikana

Hitilafu za magari haya si siri wala si bahati mbaya. Zinajulikana kwa majina. Nitataja chache, kwa kuwa mjadala usiogusa chuma hugeuka kuwa mahubiri.

Ya kwanza ni kichujio cha masizi, ambacho mafundi hukiita DPF. Kazi yake ni kunasa chembe za moshi wa dizeli zisifike mapafuni mwa watu. Kikijaa, injini hujisafisha yenyewe kwa kuchoma masizi hayo kwa joto la takriban nyuzi 600 za Selsiasi, na ili kulifikia joto hilo hunyunyiza dizeli ya ziada. Mwendo wa saa moja katika barabara kuu hutosha. Lakini pikapu yetu haiishi katika barabara kuu. Inaishi kati ya Mbezi na Posta, gia ya kwanza na ya pili, ikizimwa kabla zoezi la kujisafisha halijakamilika. Dizeli iliyonyunyizwa bila kuungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuingia katika oili. Oili huwa nyepesi, na oili nyepesi huua tabochaja na beringi kimya kimya. Tuongeze kwamba vichujio hivi, kwa magari ya viwango vya Ulaya vya Euro 5 na Euro 6, vilisanifiwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza Januari 2015 kilikuwa sehemu 50.

Gereji nyingi zina dawa moja: kukikata kichujio, kukitoa tumbo, kisha kuidanganya kompyuta ya gari kwamba kila kitu ni salama. Mwenye gari hufurahi, taa ya dashibodi inazimika. Masizi yale hayakutoweka; yamehamia kwa mama anayeuza vitumbua kituoni na kwa mtoto anayevuka barabara kwenda shule. Gharama ya matengenezo imelipwa, ila aliyelipa si mwenye gari.

Ya pili ni kipoza moshi cha mfumo wa EGR, ambao hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Kipoza hiki hupitisha maji ya rejeta. Kikipasuka, maji huingia mahali pasipostahili, hupungua polepole bila tone kuonekana chini, gari huchemsha, na mwisho silinda hedi hupinda au kupasuka. Wamiliki wa Ford Ranger yenye injini ya lita 3.2 na silinda tano wanaifahamu vyema hadithi hii. Dalili ya mwanzo ni ndogo mno: kuongeza maji mara kwa mara. Mwenye gari anayeona kuongeza maji ni jambo la kawaida hupuuza mwezi mmoja, na katika mwezi huo shida ya kipoza kimoja hugeuka kuwa shida ya injini nzima.

Ya tatu inaniuma zaidi kama mwalimu. Injini hiyohiyo ya lita 3.2 ina pampu ya oili ambayo, oili ikiachwa kumwagika kwa muda mrefu wakati wa sevisi, hupoteza uwezo wa kuivuta tena. Maelekezo ya kiufundi yanataka oili isiachwe ikitiririka zaidi ya dakika 10 hivi kabla ya kujaza mpya. Sasa fikiri fundi wetu mwangalifu, aliyefundishwa na bwana wake kwamba oili chafu yote sharti itoke, hata ikibidi gari lilale limefunguliwa nati ya chini. Uangalifu wake ndio unaoiua injini. Mwenzangu mmoja chuoni alikutwa na hilo: gari liliingia gereji kwa sevisi ya kawaida jioni, likawashwa asubuhi, likanguruma kwa muda mfupi likiwa kavu, likanoki. Gereji ilisema injini ilikuwa mbovu tangu ilipotoka nje. Mwenzangu alisema fundi hajui kazi. Wote wawili walikuwa wakigombana juu ya ukurasa mmoja wa mwongozo ambao hakuna aliyewahi kuwapa.

Ya nne ni mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, uliotumika katika matoleo ya awali ya injini ndogo ya lita 2.0 yenye tabochaja mbili, iliyoingia katika Ranger kuanzia 2018. Oili isiyo ya aina iliyoagizwa huulainisha mkanda huo na kuumega. Vipande vyake huziba chujio la pampu, na injini hukosa oili ingawa kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Katika nchi ambako oili ya kopo moja huuzwa kwa lori, bajaji na jenereta, huo ni msiba unaosubiri tarehe.

Ya tano ni ile X350d yenye moyo wa Mercedes wa kweli. Familia ya injini hiyo, iliyoanza kutumika katikati ya muongo wa 2000, ina sifa mbaya ya kuvuja kwenye mipira ya kipoza oili. Kipoza hicho kimekaa katikati ya bonde la injini, chini ya tabochaja na manifoldi. Mipira iliboreshwa baadaye, lakini mpira ni mpira, na joto ni joto. Mpira wenyewe ni wa bei ya chakula cha mchana. Kuufikia ni kuvunjavunja sehemu kubwa ya juu ya injini, kazi ya saa kumi au zaidi kwa fundi aliyeizoea. Kwa gereji za kujitegemea za Uingereza kazi hiyo hufikia pauni elfu moja na kuendelea, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu. Ufundi wetu ni wa bei nafuu, ni kweli. Ila gasketi zote zilizofunguliwa njiani sharti zibadilishwe, na hizo hazina bei ya Kitanzania.

Nisiiache Amarok ya Volkswagen. Kashfa ya moshi iliyolipuka Septemba 2015, ambamo kampuni hiyo ilikiri kuwa programu ya kudanganya vipimo ilikuwamo katika magari takriban milioni 11 duniani, iliigusa pia injini ya lita 2.0 ya pikapu hii. Amarok ndiyo iliyotangulia kuitwa kwa marekebisho huko Ulaya, Januari 2016. Kwetu fundisho lake ni moja: kompyuta ya gari inaweza kusema uongo kwa amri ya aliyeiandika, na sisi tusio na ufunguo wa kuisoma tutakuwa wa mwisho kujua.

Hesabu ya theluthi moja

Sasa tuhame kutoka gereji twende kwenye karatasi ya mshahara. Kosa letu la kihesabu ni kudhani kwamba bei ya gari ikishuka, gharama ya kulitunza nayo hushuka. Gari la thamani ya milioni 150 likiuzwa kwa milioni 60, nozo zake hazikushuka. Giaboksi yake haikushuka. Sensa zake hazikushuka. Bei ya kununua ni ya mtumba. Bei ya kutengeneza ni ya gari jipya. Aliyelinunua likiwa jipya alikuwa na kipato cha kuendana nalo. Wewe umeununua mwili wake tu.

Chukua mtumishi wa Tanzania mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 2,400,000. Sheria inataka theluthi moja ya mshahara huo isiguswe na makato: shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii huchukua asilimia 5, sawa na 120,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyopo, ni 512,000. Bima ya afya asilimia 3, sawa na 72,000. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi, asilimia 15 hukatwa, sawa na 360,000. Jumla ni 1,064,000. Kinachobaki ni 1,336,000. Ukiiacha theluthi iliyolindwa, nafasi ya mkopo ni shilingi 536,000 kwa mwezi. Kwa miezi 84, yaani miaka saba, atakuwa amelipa takriban milioni 45, riba ikiwa ndani. Hapo hajaifikia bei ya pikapu ninayoizungumzia. Itabidi auze kiwanja, avunje akiba ya kikundi, au amguse shemeji.

Tuseme amefanikiwa. Anaishi kwa shilingi 800,000. Tangi la Ranger ni la lita 80. Kwa dizeli ya shilingi 2,800 kwa lita, kulijaza mara moja ni shilingi 224,000, zaidi ya robo ya kila alichobakiwa nacho. Kisha ije hitilafu moja, si kubwa, ya shilingi milioni 4. Hiyo ni miezi mitano ya theluthi iliyolindwa, bila kula, bila kodi ya nyumba, bila ada. Mtu hawezi kuishi hivyo miezi mitano, kwa hiyo hafanyi hivyo. Anafanya mojawapo ya mambo matatu: anaahirisha tengenezo hadi liwe kubwa zaidi, anaweka spea bandia, au anatafuta fedha mahali pengine.

Hapo pa "mahali pengine" naomba tusimame, kwa kuwa ndipo penye uzito wa makala yangu. Mtumishi anayedaiwa na injini si mtumishi huru. Afisa manunuzi ambaye pikapu yake imekaa gereji wiki ya sita humsikiliza mzabuni kwa masikio mengine. Mhadhiri anayedaiwa giaboksi hukubali kufundisha vyuo vinne kwa wiki, na hasahihishi ipasavyo hata kimoja. Sisemi kwamba kila mwenye pikapu ya kifahari ni mla rushwa. Hilo lingekuwa tusi na uvivu wa fikra. Nasema kwamba tumejitengenezea shinikizo la kila mwezi ambalo halikuwa la lazima, kisha tunashangaa kwa nini uadilifu unachoka. Sheria ililinda theluthi moja ili mtumishi aweze kuishi kwa heshima. Sisi tumeichukua theluthi hiyo tukaimimina kwenye tangi.

Dola huuliza mwaka, haiulizi hali

Ingekuwa dhuluma kumlaumu mnunuzi peke yake. Mfumo wa Mamlaka ya Mapato wa kukadiria kodi ya magari yaliyotumika hukuuliza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka na ujazo wa injini. Haukuulizi lilipata sevisi lini, lilitembea kilomita ngapi, wala kama kichujio chake cha masizi bado kipo. Kodi inahesabiwa kwa umri. Kenya wao waliweka ukomo wa miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Zote ni hatua, ila zote hupima kalenda. Gari la miaka sita lililotesekea kuvuta trela la farasi mashambani Uingereza linapita. Gari la miaka kumi lililotunzwa na mzee mstaafu linaadhibiwa.

Tatizo hili halikuanzia kwetu, nalo limeandikwa. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje duniani, na takriban asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika ikiongoza kwa kuyapokea. Wanaouza wanajua wanachouza. Kwao, gari lisilo na thamani ya kutengenezwa ni gari la kusafirishwa.

Hata hukumu za mahakama husalia kule. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Toyota iliuza nchini humo zaidi ya magari 260,000 ya Hilux, Prado na Fortuner, kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, yakiwa na mfumo wa kichujio cha masizi wenye kasoro. Wanunuzi wa Australia walipata mahakama ya kuwasikiliza. Gari hilohilo likishuka Dar es Salaam, hukumu haishuki nalo.

Kwa wanaonipinga

Wapo watakaosema: barabara zetu ni mbovu, tunahitaji gari imara. Nakubali kwa mtu wa kilimo Kilombero, kwa mhandisi wa maji Simiyu, kwa afisa wanyamapori. Nao hao, ukiwauliza, hawakuombi viti vya ngozi. Wanaomba pikapu rahisi, injini isiyo na makuu, na spea zinazopatikana Ifakara. Uimara na ufahari ni vitu viwili, na mara nyingi vinapingana: kila mtambo unaoongezwa kwa ajili ya raha ni mtambo mwingine utakaoharibika.

Wengine watasema: fedha ni yangu, wewe unaumia nini? Naumia mapafu, kama nilivyokwisha kueleza. Naumia pia huduma ya umma. Na mtumishi anapoishi kwa kukopa ili afanane na ngazi asiyokuwamo, anaacha kudai mshahara bora kwa ngazi aliyomo. Chama cha wafanyakazi kinapoteza mwanachama. Gereji inapata mteja.

Wapo pia watakaosema hii ni kejeli ya kumzuia Mwafrika asionje kizuri. Hoja hii huja ikiwa imevaa joho la ukombozi, kwa hiyo inastahili jibu. Ukombozi ni kumiliki kitu unachoweza kukielewa, kukitengeneza na kukiamuru. Gari ambalo taa yake moja ya onyo inakulazimu umpigie mtu aliye nje ya nchi akutumie namba za siri za kufungulia kompyuta halijakukomboa. Limekupangisha.

Tunachopaswa kudai

Kwanza, historia ya gari iwe sharti la usajili. Hili si gumu kama linavyosemwa. Kwa gari lililotoka Uingereza, kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka zipo wazi mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye namba ya usajili ya awali: kilomita za kila mwaka, kasoro zilizoonekana, mara ngapi lilishindwa. Ukaguzi huo huanza gari likifikisha miaka mitatu, kwa hiyo pikapu ya miaka saba ina historia ya kutosha. Muuzaji anayeificha namba ya awali anaficha kitu. Dola ikitaka, itamlazimisha kuiweka kwenye tangazo. Wakati ukiisubiri, idai mwenyewe kabla hujatuma hata shilingi moja.

Pili, kodi ipime hali, si umri tu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Magharibi zilikubaliana kuweka kiwango cha chini cha Euro 4 kwa magari yanayoingia kuanzia 2021. Tume ya Ulaya nayo mwezi Julai 2023 ilipendekeza sheria ya kuzuia magari yasiyofaa barabarani yasisafirishwe kwenda nje. Afrika Mashariki ina jumuiya, ina bunge lake Arusha, ina bandari. Kinachokosekana ni sauti ya wanaoumia.

Tatu, haki ya kutengeneza. Ranger nyingi za upande wetu wa dunia huundwa Silverton, Pretoria. Katika nchi hiyohiyo, miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 inampa mwenye gari haki ya kwenda gereji huru bila kupoteza dhamana, na inazitaka kampuni ziwape mafundi huru taarifa za kiufundi kwa masharti ya haki. Kwa nini fundi wa Pretoria apate ukurasa ule wa pampu ya oili, na fundi wa Dar es Salaam aujue baada ya injini kunoki? Vyuo vya VETA vinaweza kuwa mahali pa kuutafsiri na kuufundisha kwa Kiswahili. Hapo ndipo lugha yetu ingefanya kazi ya maana kuliko kupamba hotuba.

Nne, taasisi za umma zianze na zenyewe. Kila ofisi inaponunua gari ichapishe makadirio ya gharama ya kulitunza kwa miaka kumi, pembeni ya bei ya kulinunua. Mlipa kodi ana haki ya kuziona namba zote mbili.

Kwa mtumishi anayesoma haya akiwa na tangazo limefunguliwa kwenye simu yake, ushauri wangu ni mfupi. Nunua gari ambalo ungeweza kuyamudu matengenezo yake hata lingekuwa jipya. Tenga akiba ya spea siku uleule unapotenga fedha ya kununua; kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, haitoshi. Mpeleke fundi akalikague kabla ya malipo, umlipe kama mtaalamu, si kwa soda. Omba akuonyeshe kichujio cha masizi kwa macho.

Kwa wanafunzi wangu nina jambo moja zaidi. Mtahitimu, mtapata kazi, na wiki ya kwanza wakala wa mikopo atawafuata ofisini na kalamu yake. Atawaonyesha picha ya gari. Mwombeni awaonyeshe bei ya giaboksi.